Miti ya Mpakani Isiyo na Majani

Ikiwa unaishi mjini nawe una kipande cha shamba huko Embu au Meru, basi makala ya leo ni yako.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Februari, nilipanda matatu pamoja na wanangu wawili kwenda kusafisha shamba tuliloachiwa na marehemu baba karibu na Runyenjes. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Kwenye ukingo wa chini tulikuta miti minne mifupi, magome yamepasukapasuka, haina hata jani moja. Kijana wangu mkubwa akasema, "Baba, hii imekufa, tuifanye kuni." Nami, mkulima wa kalamu, nikampa shoka.

Alikuwa amekwisha kuangusha mmoja ami alipotokea mbio. "Mnakata mpaka!" Kumbe miti ile ilipandwa na babu na jirani yake wakiwa pamoja. Jirani wa sasa naye hakulala. Msimu uliofuata jembe lake lilikuwa limesogea. Jambo hilo lilitugharimu vikao vitatu vya wazee na mbuzi mmoja, na bado kuna hatua mbili ambazo hatujaelewana.

Wiki mbili baada ya shoka, ile mitatu iliyobaki iliwaka maua mekundu kama makaa, hali bado haina majani!

Mti huu Wameru huuita muuti, Wakikuyu muhuti, na Waluhya murembe. Kwa Kiswahili ni mwamba-ngoma, kwa sababu mbao yake nyepesi huchongwa ngoma, na vilevile vinu na mizinga ya nyuki. Wataalamu wanauita Erythrina abyssinica. Wakati wa ukavu hupukutisha majani ili kuhifadhi maji, kisha huchanua ukiwa uchi, na ndege aina ya chozi huja kufyonza utamu wake. Mizizi yake hurutubisha udongo kama ifanyavyo ya maharagwe. Kwa hiyo usiuhukumu kwa macho. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha: ukiona kijani ndani, uache.

Kuupanda si kazi ngumu. Mwishoni mwa kiangazi kata tawi lililokomaa, unene wa mkono, urefu wa mtu. Lilaze kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kwani likipandwa bichi huoza. Mvua ikianza, lichomeke kiasi cha futi moja na nusu, ncha iliyokuwa juu mtini ibaki juu (usicheke, wapo wanaogeuza). Shindilia udongo, kisha uliache. Kumwagilia kila jioni, kama tulivyozoea na maua ya mikebeni, kutaliua. Sehemu za chini za Embu, mvua ya Oktoba ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko ile ya Machi.

Mwenye subira anaweza kutumia mbegu. Ganda lake ni gumu, hivyo zimwagie maji ya moto yasiyochemka na uziache zilowe usiku kucha kabla ya kuzipanda.

Lakini kina mama na kina baba, sikilizeni hapa. Mbegu hizo nyekundu zenye doa jeusi hupendeza sana, na watu huzitunga shanga. Zina sumu. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipewe kuchezea, na akizitafuna mkimbizeni hospitali. Tena mti una miiba, basi katika ploti ya mjini upande mbali na mlango na mbali na nyaya za stima.

Mimi nimeshachagua tawi langu kwenye mmoja wa ile mitatu. Oktoba nitalichomeka penye kile kisiki, na jirani amekubali kuja kushika upande wa pili wa kamba.