Steve Fraser alishinda Olimpiki mara moja, akafundisha miaka 19: somo kwa vijana waliohama vita

Tarehe 27 mwezi wa tisa mwaka 2000, mjini Sydney nchini Australia, Mmarekani Rulon Gardner, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Wyoming, alimshinda Aleksandr Karelin wa Urusi kwa pointi 1 kwa 0. Karelin alikuwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki na alikuwa hajashindwa pambano la kimataifa kwa muda wa miaka 13. Siku hiyo jina la Gardner lilijulikana dunia nzima. Jina la kocha wa taifa wa timu yake, Steve Fraser, ni watu wachache walilishika. Lakini hilo ndilo jina linalofaa kuzungumzwa huku Kivu na Ituri, hasa katika familia zilizoacha makwao kwa sababu ya vita.

Mchezo wenyewe ni mieleka ya Kigiriki-Kirumi. Sheria yake kubwa ni rahisi kuelewa: ni marufuku kumshika mpinzani chini ya kiuno, na ni marufuku kumtega kwa mguu. Kazi yote ni ya mikono, kifua na mgongo. Ni tofauti kabisa na ile mieleka ya Kinshasa ambamo wachezaji huingia na ngoma na dawa za kienyeji, watu wakishangilia. Hapa hakuna maonyesho. Ni watu wawili wamekamatana kifua kwa kifua, kila mmoja akitafuta kupitisha mkono wake chini ya kwapa la mwenzake ili amwinue au amsukume nje.

Fraser alianzia mieleka katika jimbo la Michigan, akapigania Chuo Kikuu cha Michigan. Alipokuwa akijiandaa kwa Olimpiki, alikuwa vilevile polisi wa wilaya. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, katika uzito wa kilo 90, alimshinda Frank Andersson wa Uswidi, ambaye alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Fainali akamshinda Ilie Matei wa Romania. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mieleka ya Kigiriki-Kirumi. Baadaye mwenzake Jeff Blatnick, aliyekuwa amepona kansa, akapata ya pili.

Kuna waliosema medali hizo zilikuwa nyepesi, kwani Umoja wa Kisovyeti na nchi nyingi rafiki zake zilisusia michezo ile. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Wasovyeti ndio waliokuwa wakali wa mchezo huu. Lakini jibu halikutoka kinywani mwa Fraser. Lilitoka kwa wanafunzi wake.

Mwaka 1995 alipewa kazi ya kocha wa taifa. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Atlanta, Marekani ilipata medali tatu za fedha. Mmoja wa waliozipata, Matt Ghaffari, alishindwa na Karelin kwenye fainali kwa pointi moja tu. Mwaka 1997 Gardner naye alikutana na Karelin kwenye mashindano ya dunia, akapigwa 5 kwa 0. Mtu mwingine angesema yatosha, yule Mrusi hawezekani. Miaka mitatu baadaye, Sydney, wote wawili walilazimishwa na kanuni za wakati ule kuanza wakiwa wamekumbatiana, na anayeachia mkono wa kwanza anatoa pointi. Aliyeachia alikuwa Karelin.

Mkono ambao hauachii hautengenezwi siku ya fainali. Fraser alijulikana kwa mazoezi ya kukamatana kwa muda mrefu sana, pambano moja linaloendelea mbali kupita dakika za mashindano, bila kupumzika. Alitaka mwanafunzi azoee uchovu mpaka uchovu usimtishe tena. Ukitazama vizuri, mazoezi hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji watu wawili na kocha ambaye anabaki pale mpaka mwisho.

Sydney Marekani ilipata pia fedha kupitia Matt Lindland na shaba kupitia Garrett Lowney. Mwaka 2002 Dremiel Byers, aliyekuwa mwanajeshi, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Joe Warren. Lakini ushindi wa kutafakari zaidi ni ule wa mwaka 2007 mjini Baku, Azerbaijan. Marekani ilichukua kwa mara ya kwanza taji la dunia la timu, na hakuna Mmarekani hata mmoja aliyepata dhahabu. Brad Vering alipata fedha, Justin Lester na Byers wakapata shaba, na wengine wakaongeza pointi zao. Timu isiyokuwa na bingwa hata mmoja siku ile ilizipita nchi zenye mabingwa.

Hapo ndipo kuna tofauti kati ya bingwa na kocha. Bingwa hutafuta kuwa juu ya wenzake wote. Kocha hutafuta wa tano awe wa tatu na wa tatu awe wa pili. Kazi hiyo haipigiwi makofi, lakini ndiyo inayoinua kundi zima.

Haifai kumpamba Fraser kupita kiasi. Beijing mwaka 2008 timu yake ilipata shaba moja, ya Adam Wheeler. London mwaka 2012 haikupata kitu. Mwaka 2014 akaacha kazi, baada ya miaka 19. Lakini aliyekuja kukalia kiti chake ni Matt Lindland, yule yule wa medali ya fedha ya Sydney. Kocha akipata mwanafunzi wa kushika nafasi yake, kazi yake haikupotea, hata kama mwaka wa mwisho haukuwa na medali.

Sasa, je, hayo yanawahusu nini watu waliolala chini ya hema, au familia nane zilizobanana katika nyumba ya jamaa aliyewapokea? Yanawahusu sana. Vita hubeba ng'ombe, mashamba, mabati ya nyumba, daftari za watoto. Ujuzi wa mtu hauporwi barabarani. Katika kila kundi la waliohama kuna aliyekuwa kocha wa mpira kijijini, aliyekuwa akifundisha judo au ndondi mjini, fundi cherehani, seremala, mwalimu wa kwaya. Wengi wao wanakaa kimya siku nzima wakingoja ugawaji wa chakula, wakati hatua chache kutoka hapo kuna kundi la vijana wasio na shule wala kazi. Vijana hao hao ndio makundi yenye silaha yanawatafuta. Mwenye bunduki anajua kuwapa ratiba, mkubwa wa kuwaongoza na jina la kuitwa. Kama mtu mzuri hawapi vitu hivyo, mtu mbaya atawapa.

Watu watasema Marekani ni tajiri, ina majumba ya mazoezi na magodoro ya kuangukia. Ni kweli. Tena huku Goma ardhi ni mawe ya volkano, na mtu asijaribu kumrusha mtoto wa mwenzake juu yake. Lakini mafunzo ya kwanza ya mchezo huu, kusimama vizuri, kushindania mikono, kusukumana kifua kwa kifua, yanawezekana kwenye nyasi au mchanga bila kumwangusha mtu. Na kama hakuna anayejua mieleka, basi iwe kile kinachojulikana pale. Cha maana ni saa moja ileile kila siku, na mtu mzima yuleyule.

Kamati za wakimbizi wa ndani huandika orodha za familia kwa ajili ya chakula na turubali. Ziongeze safu moja tu kwenye daftari: huyu anajua kufundisha nini? Viongozi wa mitaa, makanisa na misikiti waliopokea watu wafanye vivyo hivyo, na watoe uwanja, wavulana wapate zamu yao na wasichana yao. Nao wenye ujuzi wasingoje mradi wala posho ndipo waanze, ingawa anayeweza kuwasaidia sabuni na chakula asisite, kwani kocha naye ana watoto.

Desturi ya wanamieleka ni kwamba anayestaafu huvua viatu na kuviacha katikati ya uwanja. Gardner alifanya hivyo Athens mwaka 2004, baada ya kupata shaba. Viatu vinaweza kubaki pale. Alichofundishwa mtu anaondoka nacho, na ni juu yake kumtafuta kijana wa kumpa.