Dubwana la 1954 Halijazeeka

Mwandishi wa safu ya filamu aliyewashauri wasomaji waanze na Godzilla wa kompyuta, ile ya 1954 waachiwe wazee, amewapotosha. Eti dubwana lile ni mtu tu ndani ya vazi la mpira. Ni kweli: mtu huyo ni Haruo Nakajima, na vazi lilikuwa zito na lenye joto la kuua. Kwani nani alimficha hilo?

Airudie sehemu ya hospitali, baada ya Tokyo kuteketea. Majeruhi wamejaa hadi sakafuni. Daktari anamsogezea mtoto kifaa cha kupimia mionzi, kisha anatikisa kichwa. Machi mwaka huohuo, wavuvi wa meli ya Daigo Fukuryu Maru walimwagikiwa na majivu ya bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililipua katika visiwa vya Bikini. Mmoja wao alifariki Septemba. Filamu ilitoka Novemba. Mjapani aliyekaa ukumbini hakuhitaji kufafanuliwa.

Nashuku alichotazama ni toleo la Marekani la 1956, lililokatwakatwa na kupachikwa mwigizaji Raymond Burr. Kama ni hilo, namwelewa.

Hata ngurumo ile anayoisifu kwenye filamu mpya chimbuko lake si kompyuta. Ni glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za besi!

Anayeanza kukusanya filamu hizi atafute diski yenye matoleo yote mawili, na atangulize la Kijapani la mwongozaji Ishirō Honda. Ni dakika 96 tu.