"Sihusiki" haizimi moto

TUAMBIANE
Na Zuhura Mbaruku

Kuna ubunifu unaozunguka kwenye simu zetu: kopo la bati limejazwa soda ya kuokea, mdomo umefungwa kwa nailoni, kisha limening'inizwa kichwa chini juu ya jiko la gesi. Mafuta yakishika moto, nailoni inayeyuka, soda inamwagika, moto unazimika. Picha zimepigwa vizuri na vipimo vipo. Mstari wa mwisho unasema: "Ukijaribu ni kwa hiari yako, mimi sihusiki na madhara yoyote."

Sina ugomvi na mbunifu. Vichochoro vya mitaa mingi ya Dar es Salaam havipitishi hata bajaji, sembuse gari la zimamoto. Nyumba ikiwaka, wa kwanza kupambana ni wenyewe na majirani. Tukisema asiye mhandisi afunge mdomo, tutabaki na ndoo za mchanga tu. Ugomvi wangu ni na ule mstari wa mwisho.

Ni maneno ya tiketi ya basi: abiria chunga mzigo wako. Yanamwepusha mwenye basi na lawama, lakini hayamwambii abiria kwamba buti la nyuma halifungi.

Tulitazame kopo lenyewe. Soda huweza kuzima moto mdogo wa mafuta kwa sababu ikipata joto hutoa kaboni dioksidi. Lakini dukani inakaa rafu moja na poda ya kuokea, ambayo huchanganywa na wanga, na wanga unaungua. Atakayekosa zote mbili akajaza unga wa ngano amejitafutia balaa, maana vumbi la unga likitawanyika kwenye moto huweza kulipuka. Halafu kuna unyevu wetu wa pwani: soda iliyokaa miezi huganda, na bonge likitumbukia kwenye karai huyarusha mafuta. Kopo likishindwa, mtu atakimbilia maji, na hapo ndipo pabaya zaidi. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka papo hapo, na yakiwa mvuke hutanuka karibu mara 1,700, yakiyatupa mafuta yanayowaka mpaka darini.

"Sihusiki" haikugusa hata moja kati ya hayo.

Mtungi wa kuzimia moto unaotoka kiwandani hubandikwa lebo inayosema unafaa moto gani. Ule wa maji tupu hukatazwa kwenye umeme na mafuta. Hiyo ndiyo tahadhari yenye maana, kwa sababu inampa mtumiaji mipaka. Mbunifu wetu naye anaweza: "Sijalijaribu kwenye karai lililojaa. Weka soda tupu, si kitu kingine. Ikiganda, badilisha. Moto ukitokea, zima gesi kama unaifikia, funika karai kwa mfuniko, usimwage maji. Ukishindwa, toka nje upige 114."

Na ayaandike juu ya picha yenyewe. Ujumbe ukishapita kwa watu kadhaa, maelezo hukatwa, picha ndiyo husafiri.

Sisi wasambazaji nasi tuulize kabla ya kupeleka mbele: limejaribiwa wapi, likashindwa lini? Asiyejua aseme hajui, hilo halina aibu. Lakini anayejua udhaifu wa kifaa chake akaunyamazia, kisha akaandika kwamba hahusiki, huyo anahusika.