Vijidudu dhidi ya malaria: kitendawili cha mpaka katika bonde la Bugarama

Bonde la Bugarama, kusini mwa Wilaya ya Rusizi ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ni miongoni mwa maeneo ya chini kabisa na yenye joto zaidi nchini Rwanda. Mpunga hulimwa humo misimu miwili kwa mwaka, na maji yanayosimama mashambani huwa mazalia ya mbu.

Vyandarua na dawa ya kupuliziwa kutani vimeokoa wengi, lakini mbu wa Rwanda wamekuwa sugu kwa baadhi ya dawa hizo. Mwaka 2020 watafiti walithibitisha pia kuwepo nchini humo vimelea vya malaria vyenye badiliko la kijeni linaloweza kuvifanya vistahimili artemisinini, kiungo kikuu cha tiba ya sasa. Ndiyo maana wanasayansi wameanza kuchunguza vijidudu vinavyoishi tumboni mwa mbu mwenyewe.

Huko Tres Cantos, Hispania, katika maabara ya kampuni ya GSK, mbu waliofugwa kwa ajili ya utafiti walikuwa wagumu kuambukizwa vimelea. Chanzo kilikuwa bakteria aitwaye Delftia tsuruhatensis, anayetoa kemikali inayozuia kimelea kukua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023, yakiwa pamoja na majaribio yaliyofanyika Burkina Faso ndani ya vizimba vilivyofungwa. Mbu hafi. Huendelea kuuma, ila uwezo wake wa kueneza malaria hupungua sana.

Karibu zaidi na Rusizi, watafiti wa kituo cha icipe nchini Kenya walitangaza mwaka 2020 kijidudu kingine, Microsporidia MB. Hicho si bakteria bali ni jamaa wa kuvu, lakini kazi yake inafanana: mbu aliye nacho haambukizi malaria kwa urahisi. Jike hukirithisha kwa watoto wake, na dume hukipitisha kwa jike wakati wa kujamiiana.

Tofauti hiyo ya urithi ndiyo kiini cha mjadala. Delftia harithishwi, hivyo atahitaji kupelekwa kwa mbu tena na tena, na kila safari ina gharama yake. Kijidudu cha Kenya kinaweza kujieneza chenyewe. Kwa wilaya ya mpakani hiyo ni habari njema na ngumu kwa pamoja, kwani kikishaachiliwa hakirudishwi, wala hakitasimama kwenye Mto Ruhwa kusubiri muhuri wa uhamiaji.

Ng'ambo ya Mto Rusizi ni Kamanyola, Kongo. Ng'ambo ya Ruhwa ni Cibitoke, Burundi. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na Bukavu, mji unaotazamana na Cyangugu, uliingia mikononi mwa M23 Februari 2025. Katika hali hiyo, ni nani atakayeketi na nani kukubaliana kuhusu mbu wasiojua mipaka?

Kuna pia suala la ridhaa ya wakazi. Mjini Yogyakarta, Indonesia, mbu wa Aedes waliopandikizwa bakteria aina ya Wolbachia walipunguza homa ya dengue kwa asilimia 77, lakini kwanza ilibidi watu wakubali mbu waachiliwe mitaani mwao. Mwananchi aliyeambiwa maisha yake yote aangamize mbu hatalikubali hilo kwa tangazo la siku moja. Bugarama, ambako Kiswahili kina wazungumzaji wengi, maelezo hayo yatapaswa kutolewa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili pia, lugha ambayo bunge liliipa hadhi rasmi mwaka 2017.

Kwa sasa, bakteria aliyekwisha kujaribiwa katika mashamba ya Rwanda ni Bti, ambaye haishi ndani ya mbu bali huua viluwiluwi majini. Mwaka 2015, huko Ruhuha wilayani Bugesera, wakulima wa mpunga walishirikishwa kuinyunyiza dawa hiyo wao wenyewe, na viluwiluwi vilipungua. Dawa hiyo, hata hivyo, huhitaji kurudiwa mara kwa mara, na bonde la Bugarama hujazwa maji mara mbili kila mwaka.