Msaada wa bajeti upimwe dirishani pa dawa

Mgonjwa wa homa akirudi kwangu, simwulizi ametumia pesa ngapi. Namwuliza kama homa imeshuka. Lakini tunapozungumzia misaada ya wafadhili, msomaji, wengi wetu huhesabu mamilioni tu na kumsahau mgonjwa.

Tazama majirani zetu wa Uganda. Kuanzia mwaka wa 1998 serikali ya huko ilikuwa na hazina maalum ya kupambana na umaskini, iliyopata pesa kutokana na madeni yaliyosamehewa na misaada ya wafadhili. Badala ya kila mfadhili kujenga zahanati yake na kuibandika bendera, pesa zilipitia kwenye bajeti. Machi 2001, ada zikafutwa katika vituo vya afya vya serikali, na wagonjwa wakafurika, hasa maskini. Sisi huku, ambao tulianza kutozwa mwaka wa 1989, tulingoja hadi 2004 ndipo ada ikashushwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya.

Je, tiba hiyo ya Uganda ilifaa? Tathmini ya pamoja iliyohusu nchi saba, Uganda ikiwemo, ilitolewa mwaka wa 2006. Ilikiri kwamba huduma za msingi za afya na elimu ziliongezeka, lakini ubora ukabaki nyuma. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba familia maskini za Uganda ziliendelea kulemewa na gharama za matibabu hata baada ya ada kufutwa, yamkini kwa sababu dawa zilikosekana vituoni zikabidi kununuliwa madukani. Sishangai. Mama huamka alfajiri, akapiga foleni hadi saa saba, akaonwa bure, kisha akapewa kikaratasi akanunue dawa ng'ambo ya barabara. Umaskini wake umepunguzwa wapi?

Kisha kuna wizi. Mwaka wa 2012 mkaguzi mkuu wa hesabu wa Uganda alifichua ubadhirifu wa pesa zilizokusudiwa kuujenga upya mkoa wa kaskazini. Wafadhili wakafunga mifereji, na Ireland ikarudishiwa yuro milioni 4. Ireland ililipwa, lakini mgonjwa wa kaskazini hakurudishiwa siku alizopoteza.

Hata hivyo, mimi bado naupendelea msaada unaopitia kwenye bajeti. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wahudumu wengi wa kliniki za Ukimwi hapa Kenya walijikuta nyumbani, kwa kuwa mishahara yao ilitoka kwa miradi ya wafadhili. Muuguzi aliyeajiriwa na serikali hafukuzwi na barua kutoka Washington, ingawa mshahara wake huchelewa, jambo ambalo tumelizoea mno.

Ukienda zahanati ya karibu wiki hii, uliza ni dawa gani zimekosekana na kwa siku ngapi. Ukikosa jibu, mwulize mwakilishi wako wa wadi, maana yeye ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti.