Anayetetemeka baada ya vidonge hajarogwa

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta hadi pembeni ya baraza la msikiti. Alitaka ushauri juu ya mwanawe wa miaka 23. Kijana huyo alikuwa ameugua akili: halali, anasikia sauti, anawatuhumu majirani kuwa wanamtilia sumu kwenye chakula. Akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, na kwa uwezo wa Allah (SW) sauti zikatulia. Lakini sasa, alisema mzee, limezuka jambo jingine. Kijana anatembea kama mti, mikono haichezi. Uso umekuwa kama wa sanamu, hacheki wala hanuni. Mate yanamdondokea kifuani. Akishika kikombe, mkono unatetemeka mpaka chai inamwagika. Akirukuu, anachelewa kuinuka hadi imamu yuko sijida.

"Mwanangu, wameniambia jini lililofukuzwa kichwani limeshukia mwilini," akanong'ona. Alikwishatanguliza nusu ya fedha kwa mganga, na vidonge alikwishavitupa chooni siku tatu nyuma.

Kisa hiki nimekisikia kwa sura mbalimbali mara nyingi mno. Kwa hiyo ukurasa huu leo hautazungumzia mbu wala kuchemsha maji ya kunywa.

Niseme msimamo wangu mapema. Kijana yule hakuwa na jini mwilini. Kilichokuwa kikimtetemesha ni ile ile dawa iliyozituliza sauti. Hata hivyo, kuitupa dawa chooni lilikuwa kosa kubwa kuliko kutetemeka kwenyewe. Na wa kulaumiwa kwanza si mzee. Ni yule aliyemkabidhi bahasha ya vidonge dirishani bila kumwambia lolote zaidi ya "kimoja asubuhi, kimoja jioni". Mtu asiyeambiwa atatafuta maelezo kwingine, na mtaani maelezo hayakosekani.

Maelezo yenyewe si magumu. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayoitwa dopamini, ambayo sehemu moja ya ubongo huipelekea nyingine taarifa. Sehemu moja ya kazi yake inahusu fikra na hisia, nyingine inahusu mwendo: kuanza hatua, kupunga mkono, kukunja uso. Dawa za kutuliza wazimu kama haloperidoli na klorpromazini (wengi mnaijua kwa jina la Largactil) huziba milango ambayo dopamini hupitia. Sauti zinapungua. Lakini dawa haichagui milango ya fikra tu ikaiacha ya mwendo. Ikiziba mingi, mwili unakuwa mzito, unakakamaa na kutetemeka, sawasawa na mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule ulioelezwa na James Parkinson, tabibu wa London, mwaka 1817. Katika ugonjwa huo chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa. Kwa mtumiaji wa dawa chembe zipo hai, ila taarifa yao haifiki.

Watafiti waliopiga picha za ubongo waligundua kuwa dawa hizi kwa kawaida hutibu zikiwa zimeziba kama asilimia 65 hadi 80 ya milango hiyo. Zikivuka 80, faida haiongezeki sana, ila kukakamaa kunaongezeka. Hapo utaona kwa nini mara nyingi kinachotakiwa ni kupunguza kipimo tu, wala si kuacha tiba.

Jambo hili si siri mpya. Klorpromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Kabla ya hapo watu waliishi miaka wakiwa wamefungiwa. Ilichukua miaka michache tu madaktari kuona kuwa wanaotulia wanaanza pia kutetemeka. Yaani elimu hii ina zaidi ya nusu karne, na bado haijafika kwenye dirisha la dawa! Inasikitisha.

Sasa nieleze lile linalowachanganya watu zaidi ya yote. Kijana anachomwa sindano ya haloperidoli leo. Kesho, au baada ya siku mbili tatu, shingo inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu yasirudi, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Nyumba nzima inapiga yowe. Nani hapo hatasema amepandisha? Anaitwa mtu wa kisomo, anasoma, baada ya saa kadhaa misuli inalegea yenyewe, na wote wanatoka na hakika kuwa jini limetoka. Laiti angepelekwa hospitali, ipo dawa ya sindano ambayo kwa kawaida huilegeza misuli hiyo kwa dakika chache. Na hatari ipo kweli, kwani misuli ya koo ikikaza mtu anaweza kukosa pumzi. Vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi.

Lingine ni kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa, anatembea ukumbini kwenda na kurudi, anapiga miguu chini, usiku hakulaliki. Familia inasema wazimu umezidi. Ikirudi hospitali na maneno hayo, inaongezewa dawa, na dawa ndiyo inayomsumbua! Kwa hiyo ukifika kliniki usiseme tu "amezidi". Sema alianza lini, na kwamba alianza baada ya sindano ipi au kipimo kipi kipya. Kutetemeka na kukakamaa kwingi kwa namna hii hujitokeza ndani ya miezi mitatu tangu dawa ianze au iongezwe. Mara nyingi hushika pande zote mbili za mwili, wakati Parkinson yenyewe huanza upande mmoja, na aghalabu kwa watu wazima.

Na si dawa za akili peke yake, ndugu msomaji. Plasil, tunayoinunua kiholela kwa ajili ya kichefuchefu, huziba milango ile ile. Sinarizini, anayopewa bibi kwa ajili ya kizunguzungu, nayo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kumfanya atetemeke, na wajukuu wakasema ni uzee tu. Wazee wanaathirika kwa urahisi zaidi. Kama kuna bibi nyumbani anayetetemeka, fungua mkoba wake wa dawa utazame anameza nini.

Nirudi kwenye kisomo, maana najua kuna watakaosema mwandishi huyu anapinga ruqya. Hasha. Qur'an ni shifaa, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini Mtume wetu (SAW) ametuhimiza pia kutafuta dawa, na Waislamu wa zamani walilielewa hilo: hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa karne ya 13, ilikuwa na sehemu yake ya wagonjwa wa akili. Kinachoniudhi ni yule anayesema, "Acha vidonge kwanza ndipo kisomo kifanye kazi." Hilo silijui limetoka wapi. Msomee mgonjwa asubuhi na jioni, na vidonge vyake ameze. Anayemfunga kamba, kumpiga fimbo au kumfukiza moshi wa pilipili, huyo anamtesa Muislamu aliyeondolewa lawama na sheria yenyewe.

Dawa ikiachwa ghafla, maradhi hurudi, na pengine kwa nguvu zaidi. Kijana wa yule mzee alirudishwa kliniki akiwa halali tena na ameshavunja dirisha la jirani. Safari hii muuguzi alikaa nao akawaeleza. Kipimo kikapunguzwa, akaongezewa benzheksoli, ile inayoitwa Artane. Baada ya wiki kadhaa mkono ulianza kutulia. Uso bado mzito, lakini anatabasamu.

Benzheksoli nayo ina adabu zake. Inakausha mdomo, inafunga choo, na kwa wazee inaweza kuchanganya akili. Ikimezwa usiku inaweza kumnyima mtu usingizi. Wapo vijana wanaoitumia kama kilevi, kwa hiyo itunze. Mdomo mkavu huozesha meno upesi: mswaki kila swala, na maji kidogo kidogo siku nzima. Zipo pia dawa za wazimu zisizokakamaza sana, kama olanzapini, lakini hiyo inanenepesha na kupandisha sukari. Daktari ndiye wa kupima lipi jepesi kwa mgonjwa wako.

Nyumbani, mtu anayekakamaa huanguka bafuni. Mwekee kigoda atawadhie akiwa ameketi, na kopo jepesi badala ya ndoo. Kitambaa safi cha kufutia mate kiwe karibu, kibadilishwe kila siku. Mate si najisi, basi asiwepo wa kumsogeza nje ya safu. Akishindwa kusimama, ataswali akiwa ameketi, na maimamu wawaeleze maamuma hivyo ili minong'ono ikome.

Mambo mawili usiyangoje tarehe ya kliniki. Mgonjwa aliyetumia dawa hizi kwa miezi au miaka akianza kutafunatafuna hewa, kulamba midomo au kutoa ulimi bila kutaka, mwambie daktari mapema, kwa sababu hali hiyo ikikomaa huenda isiondoke hata dawa ikiachwa. Na akipata homa kali, mwili ukakaza kama ubao, jasho likamtoka na akawa hajui alipo, huyo ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo, na vidonge vyake vyote mkononi.

La mwisho ni Ramadhani. Wengi hukatisha dawa siku ya kwanza ya mfungo, na kufikia kumi la pili wamezidiwa. Vidonge vya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa, kimoja wakati wa futari na kimoja wakati wa daku, na wapo wagonjwa ambao daktari atawaambia wasifunge kabisa. Hayo huulizwa mwezi wa Shaabani. Chukua kadi ya kliniki, mchukue na mgonjwa mwenyewe, kisha keti mpaka ujibiwe.