Usaili wa kazi wahamia nyumbani, familia zijipange

KWA miaka mingi, kijana wa Mbeya aliyeitwa kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam alianza safari kwa mzazi kuuza gunia la mpunga. Njia ni zaidi ya kilometa 800 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, mbali na chakula na malazi. Tangu janga la Uviko-19 mwaka 2020, waajiri wengi wamezoea kuwahoji waombaji kwa njia ya video, hasa katika mchujo wa kwanza.

Kwa hesabu ya haraka, familia imeokoa gunia lake. Hata hivyo, hesabu hiyo haijakamilika. Zamani chumba, umeme na utulivu vilikuwa juu ya mwajiri. Mwombaji alitakiwa kufika tu. Sasa chumba cha usaili ni cha mwombaji, na hitilafu zake zote humwangukia yeye. Mwajiri haioni transfoma iliyoungua kijijini, anachokiona ni picha iliyoganda.

Ndiyo maana inafaa sehemu ndogo ya nauli hiyo itengwe kwa maandalizi.

Mtandao na umeme

Mazungumzo ya video ya saa moja yanaweza kula megabaiti 500 hadi zaidi ya gigabaiti 1, kutegemea ubora wa picha. Kifurushi kidogo huweza kuisha katikati ya swali. Ni afadhali kununua cha kutosha na kuwa na laini ya kampuni nyingine pembeni.

Lakini hata laini mbili zina mipaka. Mei 12, 2024, hitilafu ya mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo, kinga ni namba ya simu ya mwajiri iliyoombwa mapema, ili mwombaji apige mara moja na kueleza kilichotokea.

Mahali nako kuna gharama yake. Chini ya paa la bati, mvua ikinyesha hakuna kinachosikika, na mashine ya kusaga ya jirani haisubiri usaili uishe. Kama nyumbani hapaaminiki, nauli ya kwenda kwa ndugu mjini bado ni ndogo kuliko ya Dar es Salaam. Simu ichajiwe usiku, iegemezwe usawa wa macho, na mwombaji akae akitazama dirisha. Dirisha likiwa mgongoni, uso hugeuka kivuli. Jaribio lifanyike siku moja kabla, saa ileile, kwa kumpigia ndugu.

Saa na majibu

Barua ikisema 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi. Kama mwajiri yuko Dubai au Muscat na ametaja saa ya kwao, huku itakuwa saa 3, kwani wao wako mbele kwa saa moja. Wapo wanaokosa kazi kwa kosa hili tu.

Kuhusu majibu, mtoto wa mkulima asione aibu kutaja shamba. Aliyesimamia ekari mbili za nyanya za familia aeleze gharama ya mbegu na dawa, mavuno yaliyopatikana na bei ya sokoni. Kwa kampuni ya mboga au duka la pembejeo, huo ni uzoefu. Takwimu ziwe kwenye karatasi pembeni, ila zisisomwe, maana macho yanayohamahama huonekana.

Ada ni dalili ya utapeli

Utaratibu huu umewafungulia mlango matapeli pia. Mtu asiye na ofisi anaweza kuvaa tai, kuuliza maswali kwenye simu, kisha akadai "ada ya usaili" au fedha za viza. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada. Familia ikidaiwa fedha, isimame kwanza na kuuliza ofisi ya huduma za ajira, TaESA, kabla ya kutuma hata shilingi.

Waajiri nao wana wajibu wa kutaja saa bila utata, kutoa namba ya dharura na kumpa nafasi ya pili aliyekatikiwa na mtandao. Wasipofanya hivyo, watakuwa wanachuja ubora wa mtandao badala ya uwezo wa watu. Kwa upande wa familia, gunia lililobaki ghalani lisiishie mfukoni mwa tapeli.